Mjadala: Mtoto akiandika kioo chake ni Kili Paul, apewe alama?

Mleta mada: Insha ni ileile, "Mtu ninayetaka kumwiga". Zamani ilijaa marubani na madaktari, sasa wamo watu wa video fupi za mtandaoni: yumo Kili Paul, yumo mchekeshaji Elsa Majimbo, yumo Khaby Lame. Wapo wanaosema mwalimu asahihishe lugha tu, chaguo ni la mtoto. Wengine wanasema arudishiwe daftari. Karibuni.

Mwalimu wa Kiswahili: Asirudishiwe. Adaiwe hoja: mtu huyo anafanya nini hasa? Kili na dada yake Neema ni Wamasai wa Pwani, na Kihindi si lugha yao, lakini kwenye video zao hufuatisha nyimbo za Kihindi, na midomo yao inakwenda sambamba na wimbo. Februari 2022 Ubalozi wa India hapa Tanzania ulimtunuku Kili, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja wote wawili redioni. Hiyo ni kazi ya sikio, na inafundishika. Chukua sekunde 15 za wimbo. Sikiliza mara kumi mdomo ukiwa umefumba, andika silabi jinsi unavyozisikia, weka alama pa kuvuta pumzi, ndipo ujirekodi. Wanafunzi huharibu kwa kuanza na mikono na mabega. Kosa linaonekana kwenye b, m na p, sauti zinazofunga midomo; ukichelewa hapo kidogo tu, mtazamaji amekukamata.

Mhariri wa video: Naunga mkono, ila mtoto aambiwe na upande wa hela. YouTube hawaanzi kukugawia mapato ya matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukishapita, fungu lako ni asilimia 55 kwa video ndefu na 45 kwa fupi, na hulipwi hadi salio lifike dola 100. Salio likifika dola 10 hutumwa barua ya posta yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani yako. Sanduku la posta likikosewa na miezi minne ikapita hujaiingiza, matangazo yanasimamishwa. Halafu wimbo wa mwenzio ukitambuliwa, mwenye wimbo anaweza kuchukua mapato ya video yako. Kwa hiyo anayemwiga Kili kwa kufuatisha nyimbo za watu asitegemee matangazo ya YouTube. Ategemee makampuni yatakayomwita. Na akaunti ya malipo ni ya mwenye miaka 18, kwa hiyo mzazi yumo, apende asipende.

Mpinzani: Mmehama mada. Ustadi ni ustadi, kioo ni mwenendo. Muuguzi wa zahanati mtoto anamwona akichoka, akikosea, akirudi kesho yake. Huyu wa simuni anamwona robo dakika, tena iliyochaguliwa.

Mwalimu wa Kiswahili: Ndiyo maana insha idai kilichotangulia. Khaby alipoteza kazi kiwandani kaskazini mwa Italia mwaka 2020, ndipo akaanza kuposti. Juni 2022 akawa wa kwanza TikTok kwa wafuasi. Aya ya kiwandani ipewe alama nyingi kuliko aya ya umaarufu.

Mhariri wa video: Na gharama zisitajwe kama kisingizio. Elsa mwaka 2020 alikuwa na simu, miwani myeusi na krispi.

Mpinzani: Na akimwandika yule anayemwagia mama ntilie maji ili watu wacheke?

Mwalimu wa Kiswahili: Asimulie video moja, mwanzo hadi mwisho, bibi yake akisikiliza. Akisita katikati, abadilishe mtu.

Mpinzani: Hilo la bibi nalikubali. Kili apite. Huyo wa maji, hata mwandiko uwe mzuri vipi, kwangu ni sifuri.