Nitajuaje DJ anapiga mwenyewe au ameweka miksi aliyotoka nayo nyumbani? (Tanga)

chumbageni_juu:
Wadau habari za usiku. Nipo kamati ya harusi ya mdogo wangu, ukumbi tumeshapata hapahapa Tanga mjini, mapambo tayari, mpishi tayari, imebaki DJ na hapo ndo tumegawanyika. Kuna mmoja wajumbe wengi wanamtaka, jina kubwa, mabango yake kila nguzo toka Ngamiani mpaka Makorora. Mimi nilimwona kazini kwenye harusi nyingine na roho haijatulia hata kidogo. Jamaa muda wote mikono juu, hedifoni ziko shingoni hajazivaa hata mara moja, anacheza kuliko waalikwa. MC akaomba muziki ukatwe maharusi waingie, yeye akashusha sauti tu. Maharusi wakaingia kwa mwendo wao ule wa kobe, wakakaa, MC akasema haya DJ turudishe, akapandisha sauti tukakuta wimbo uko katikati, tena siyo ule aliouacha, yaani muziki ulikuwa unatembea wenyewe kimyakimya huko chini! Mama mmoja akamfuata kuomba wimbo akajibiwa "unakuja mama unakuja", mpaka tunagawiwa pilau haujaja.

Sasa nauliza wanaoijua kazi, ule ni udijei kweli? Na hiki kitufe cha sinki ninachokisikia, ni utapeli au ndo teknolojia? Nimpimeje mtu kabla sijatoa advansi maana hela ya michango ina maneno.

fundi_mitambo_tga:
Mkuu hilo ni faili moja, saa mbili au tatu zimeunganishwa nyumbani, kaja kubonyeza play. Hakuna maelezo mengine. Ndo maana hawezi kupokea ombi la mtu, atalichomeka wapi?

Ila usichanganye faili na sinki, ni vitu viwili mbalimbali. Kumiksi ni hivi, wimbo mmoja uko ukumbini, wa pili uko sikioni mwako kwenye hedifoni, unauvuta au unaurudisha spidi mpaka ngoma ya huu inaangukia palepale ngoma ya ule inapoangukia, halafu unahama taratibu watu wasijue wamehamishwa saa ngapi. Enzi za sahani ilikuwa kazi ya sikio na kidole. Zile mashine za kuzungushia santuri, Technics SL-1200, zilianza kutoka 1972, na MK2 ya 1979 ina kile kitelezi cha kuongeza au kupunguza spidi asilimia 8, zaidi ya hapo huna, kwa hiyo ilibidi ujue kichwani wimbo upi unaingia na upi. Leo laptop inakulinganishia spidi kwa sekunde, ndo hiyo sinki. Mimi sinki natumia na sioni aibu, inanipa nafasi ya kuinua macho niangalie watu.

Kinachobaki ni akili yako. Mfano amapiano nyingi zinatembea biti 112 hivi kwa dakika, singeli inaanzia kama 200 na inapanda. Mtu asiyejua anaona hapa hakuna njia, anakata ghafla watu wanagongana. Anayejua anaona 224 ni 112 mara mbili, anaiingiza singeli juu ya amapiano, ngoma moja ya huku inabeba mbili za kule, vijana wanajikuta wanakimbia wenyewe. Mashine itakuonyesha namba, ila haitakwambia kwamba wazee wameshakaa chini na wajomba wanaangalia saa.

mgosi_wa_pongwe:
Mi naona mnamwonea tu. Watu walicheza hawakucheza? Kama walicheza basi kazi imefanyika, mambo ya hedifoni ya nini

fundi_mitambo_tga:
@mgosi_wa_pongwe basi wewe weka fleshi yako kwenye spika bure, hiyo laki kadhaa ya DJ mnunulie bibi harusi kitanda 😂

Halafu niweke sawa, miksi ya kurekodi siyo dhambi yenyewe. Redioni zinapigwa, kwenye daladala zinapigwa. Hata huko nje kwenye majukwaa makubwa ambako taa na video na fataki vinaenda na wimbo kwa sekunde, mengi yanapangwa kabla. Ila pale watu wamefuata onyesho. Harusi siyo onyesho, ratiba yenyewe inavunjika kila nusu saa, keki imechelewa, mgeni rasmi hajafika, utapangaje toka nyumbani?

mzee_barabara_ya_13:
Kijana fundi nakubaliana nawe nusu. Hiyo sinki inawaharibu masikio, laptop ikiganda mnabaki mmetoa macho. Na kipimo chenyewe ni rahisi sana, mwombe apige zilipendwa. Achukue Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, bendi zetu wenyewe za hapahapa Tanga, aunganishe nyimbo mbili. Zile zilipigwa na watu, siyo kompyuta. Mpiga dramu akishapata moto wimbo unakimbia kidogo, ikija sehemu ya kuimba unarudi nyuma. Programu inachora mistari yake iliyonyooka juu ya wimbo usionyooka, mwanzo zinaenda pamoja, ukihesabu kidogo tu unasikia ngoma zinakanyagana kama punda wawili kwenye daraja. Hapo ndo utamjua. Mwenye kazi yake mkono uko kwenye sahani anasukuma, anazuia, anasukuma, na sikio moja limefunikwa. Asiye nayo atakwambia "mzee hizo hazina kwoliti".

Na hili la kuangalia watu siyo jipya, ndo mwanzo wa mambo. DJ Kool Herc kule Bronx, New York, 1973 hakuwa bingwa wa kulinganisha spidi. Aliona wachezaji wanangoja kile kipande cha ngoma tupu, akachukua nakala mbili za sahani moja, hiki kipande kikiisha huku anakianzisha kule, kinakuwa kirefu. Macho ndo yalimfundisha.

bi_mkubwa_raskazone:
Nyie wanaume mnabishana vitufe, harusi ya Tanga mmesahau? Taarabu haimiksiwi jamani! Wimbo wa rusharoho unaenda dakika kumi na zaidi kwa sababu kila mtu ana ubeti wake anaungoja, mtu ameshashika noti yake juu, amejifunga kanga kibwebwe, anakwenda kutunza huku anamwangalia aliyemkusudia, halafu kijana ananiingizia singeli katikati eti ndo ufundi. Nimeliona hilo kwa macho yangu, akina mama wote walikaa chini kama wameambiwa, na hawakuinuka tena hadi kufunga. Mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star huu, tumelelewa na taarabu, tunajua wimbo unapoanzia na unapoishia.

DJ wa kweli kwangu mimi ni yule anayejua lini atoe mikono kwenye mashine. Anauacha uishe, akiona kuna dada bado yuko njiani na noti anarudisha kile kiitikio mara moja tena. Hiyo hata kwenye fleshi haipo.

fundi_mitambo_tga:
Bi mkubwa hapo umenifunga mdomo. Kurudisha kiitikio kwa ajili ya mtu mmoja aliyechelewa kutunza, hiyo ni kazi haswa, na ukikosea nusu biti ukumbi mzima unasikia.

chumbageni_juu:
Shukrani sana wote. Nimewasomea kamati wakacheka ile ya punda, ila wamekubali tufanye hivi: tunamwita yule mwenye mabango na mwingine mmoja, kila mtu apige nusu saa mbele yetu nyumbani, katikati tutamkatisha kama MC, tutamwomba Jamhuri Jazz mbili na taarabu moja nzima. Mama ameshaandika orodha yake, yeye hataki kusikia habari ya amapiano. Mwenye mabango nimempigia, anasema yeye hafanyiwi intavyuu.

@fundi_mitambo_tga kama huna kazi Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu njoo inbox na bei yako.

fundi_mitambo_tga:
Nipo. Bei tutaongea, ila jenereta juu yenu, na meza yangu msiiweke nyuma ya keki.