Mtoto wa darasa la kwanza anatoka shule saa 6 mchana, mzazi anatoka kazini saa 11 jioni. Hapo katikati anakaa na nani?

Wakuu, hili suala linakera, na halisemwi kwa sababu wanaoumia nalo wako vibandani na viwandani muda huu.

Shule nyingi za msingi za serikali Dar zenye watoto wengi kuliko madarasa zinaendeshwa kwa zamu mbili. Zamu ya asubuhi inaingia kama saa 1 na kutoka mnamo saa 6 mchana. Ya mchana inaingia hapo na kutoka jioni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu saa 9 za kazi kwa siku, na foleni ya kwenda na kurudi haimo humo. Kwa hiyo mtoto wa asubuhi anabaki saa tano au sita bila mtu mzima. Wa mchana ana hali mbaya zaidi: nyumba nzima imeshaondoka alfajiri, na yeye wa miaka 7 anatakiwa ajipashie kiporo, avae, afunge mlango, avuke barabara na afike kwa wakati. Akinogewa na mchezo, daftari la mahudhurio linamwandika mtoro.

Halafu tunaambiwa kuna vituo vya kulelea watoto mchana. Vituo hivyo, vile vinavyosajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii, ni vya watoto ambao hawajaanza shule. Ile programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja wazi mtoto wa miaka 0 hadi 8. Wa darasa la kwanza na la pili wamo humo kabisa! Lakini siku anapovaa sare ya shule, hakuna ofisi inayomhesabu kuwa anahitaji malezi. Ustawi wanasema ni wa elimu, elimu wanasema kipindi kimeisha.

Kilichoziba hilo pengo ni tuisheni. Elimu ni bila ada tangu 2016, sawa, ila mchana kuna hela ya "masomo ya ziada". Chukua mia tano tu kwa siku: kwa siku 20 za mwezi ni 10,000, ukiwa na watatu ni 30,000. Na wazazi wengi hawalipii hesabu na Kiswahili, wanalipia mtoto awe mahali salama. Asiye na hela siku hiyo anaambiwa arudi nyumbani, nyumba ambayo imefungwa. Kuna shule zinawasimamisha wasiolipa mbele ya wenzao. Huo ni ukatili kwa mtoto ambaye hana mfukoni hata nauli.

Msituambie shule itumie ruzuku ya serikali. Ruzuku ya msingi ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 ya hiyo ni ya vitabu. Haitoshi hata chaki.

Kinachowezekana ni hiki: mahali pa kulelea watoto hawa kabla na baada ya zamu yao. Madarasa yenyewe yamekaliwa na zamu nyingine, kwa hiyo anayependekeza "wabaki darasani" hajui shule anayoizungumzia. Tafuteni ukumbi wa serikali ya mtaa, wa kanisa, au madrasa kabla ya vipindi vyake. Siku za kazi kumbi nyingi zinakaa tupu hadi alasiri. Uwe jirani na shule, watoto wasivuke barabara kuu. Choo na maji vikaguliwe kwanza.

Kwa watoto 60 wawekwe walezi watatu, na wa nne ikiwa kuna mwenye ulemavu anayehitaji kusaidiwa chooni. Watoto wenye ulemavu ndio wanaokataliwa wa kwanza siku zote, kwa kisingizio kwamba hakuna mtu wa kuwahudumia. Walimu waliohitimu wanaosubiri ajira mtaani wapo. Milango ifunguliwe saa 12 asubuhi kwa wa zamu ya mchana na kufungwa saa 1 usiku. Mkifunga saa 10 mmewasaidia watumishi wa ofisini peke yao, mama lishe na winga (dalali) wa soko la Kariakoo mmewaacha palepale.

Chakula ndicho kinachoua mipango mingi, kwa sababu watu wanakisia. Makande ya watoto 60: mahindi yaliyokobolewa kilo 9, maharage kilo 2.4, mafuta gramu 300. Maharage na mahindi vilowekwe usiku, la sivyo kuni zinaisha na chakula kinaiva watoto wameshaondoka. Uji wa saa 10: kilo moja na nusu ya unga kwa lita 15, kila mmoja robo lita.

Malipo ya wazazi yawe kwa kaya, yasiwe kwa kichwa cha mtoto, na yalipwe kwa wiki, maana kipato cha wengi hakisubiri mwisho wa mwezi. Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zisamehewe moja kwa moja. Ila msiishie hapo: wapangaji wanaohamahama hawamo kwenye orodha hiyo. Hao wapate barua ya serikali ya mtaa, na barua hiyo isidaiwe hata shilingi. Majina ya waliosamehewa yabaki kwa mhasibu tu, yasibandikwe ukutani.

Daftari la kuchukua mtoto ni lazima: majina matatu ya wanaoruhusiwa, simu, sahihi. Asiye kwenye orodha haondoki na mtoto hata akisema ni mjomba.

Pesa ya kuanzia ipo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inakopeshwa bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Kikundi cha malezi kihesabiwe mradi halali kama kikundi cha bodaboda. Mishahara ya walezi ikae kwenye bajeti ya halmashauri, isitegemee michango ya wazazi, maana michango ikiyumba wa kwanza kutolewa nje ni mtoto wa asiye nacho.

Mwaka wa fedha unaanza Julai. Wajumbe wa kamati za shule na madiwani mnaosoma hapa, semeni kata yenu imeandika nini kuhusu hili kwenye mpango wake. Kama hakuna kitu, semeni hivyo hivyo.