Tupeane uzoefu: umeweka difu ya LSD kwenye pikapu yako, ikawaje?

Mama Kuku, Ruai
Habari za jioni, wakuu. Mvua ya masika imeanza na huku kwetu ule udongo mweusi unanata kama gundi. Pikapu yangu ni Hilux ya zamani, inasukumwa na tairi za nyuma tu, nabeba chakula cha kuku na trei za mayai. Tairi moja ikiingia kwenye utelezi inazunguka peke yake, na ile iliyo pakavu inatulia kana kwamba haihusiki. Nimeelezwa kwamba difu ya kawaida (zile gia za katikati ya ekseli) inagawa nguvu sawa pande zote, kwa hiyo tairi iliyokosa mshiko ndiyo inayompimia mwenzake nguvu. Nataka kuweka LSD, yaani difu isiyoacha tairi moja izunguke bure peke yake. Nimepita Kirinyaga Road na kila duka linanisifia ile iliyonayo. Walioweka tafadhali semeni: mlichagua ya aina gani, ilifungwa vipi, na sasa gari linaendaje?

Baba Naserian, Kiserian
Mama, karibu. Yangu ni Hilux ya 4x4. Nilitafuta difu nzima iliyotoka kwenye Toyota Surf, kwa sababu Surf na Hilux nyingi za miaka ile zinatumia difu ile ile ya inchi 8, na baadhi ya Surf za Japani zilikuja na LSD kiwandani. Aliyeniuzia alisisitiza kwamba zote zinaingiliana. Kuingia kweli zinaingia, lakini reshio ndiyo shida. Kabla ya kulipa nilimwambia tuhesabu meno. Krauni (gia kubwa ya difu) ilikuwa na 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) 9, maana yake reshio ya 4.556. Yangu ni 43 kwa 10, yaani 4.3. Kwenye 4x4, difu ya mbele na ya nyuma zikitofautiana hivyo, siku ukiingiza 4H (tairi zote nne zivute) kwenye lami kavu zinavutana mpaka kitu kivunjike. Nilimrudishia na nikasubiri mpaka ikapatikana ya 43 kwa 10.

Wewe huna difu ya mbele, kwa hiyo hakuna kitakachovunjika, ila mzunguko wa injini utabadilika kwenye barabara kuu na spidomita inaweza kudanganya. Angalia kile kibati cha namba ya chesisi: palipoandikwa A/TM pana msimbo wa gia boksi na wa ekseli. Nenda nayo dukani.

Kuhusu mwendo: kilima cha kwenda kwangu, chenye murram iliyochimbika, sasa napanda bila kuingiza 4x4. Nimeridhika kabisa.

Msafirisha Mboga, Limuru
Naomba niseme upande ambao wauzaji hawausemi. Barabara zetu za udongo mwekundu zimeinama pembeni ili maji yatoke. Ukiwa na difu ya kawaida, tairi moja inateleza na nyingine bado imeshika ardhi, kwa hiyo mkia unakaa. Ukiwa na LSD zote mbili zinateleza pamoja, na gari tupu linashuka kiubavu kuelekea mtaroni taratibu huku unaliangalia. Sijaitoa, maana nikiwa na mzigo wa kabichi inanisaidia mno. Lakini nikirudi bila mzigo siku ya mvua nakanyaga mafuta kama mtu anayekanyaga mayai, na dereva wangu nilimfundisha hivyo kabla sijampa funguo.

Fundi wa Kariobangi
Mimi nafunga hizi, acheni nieleze kwa urefu kidogo kwa sababu nyingi zinaharibikia mikononi mwa mafundi.

Aina mbili ndizo mtakutana nazo sana. Ya kwanza ina pleti za klachi ndani. Inashika vizuri ikiwa mpya, lakini pleti zinaisha, na ya mitumba inaweza kuwa imebaki jina tu. Ya pili ni ya gia tupu, mfano Torsen. Haina pleti za kuisha, ila tairi moja ikining'inia hewani kabisa haisaidii chochote mpaka uguse breki kidogo ili ile tairi ipate kitu cha kupinga. Anayepita kwenye mashimo ya kuning'iniza tairi kila siku anahitaji diflok kamili (inayofunga tairi zote mbili zizunguke pamoja), kama ile ya hewa ya ARB. Mama Kuku, kwa matope ya tambarare LSD ya pleti inakutosha.

Kupima ya mtumba yenye pleti: inua tairi moja ya nyuma, nyingine ibaki chini na iwekewe vigingi, gia nyutro, handibreki imeachiliwa. Zungusha tairi ya juu kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kuzungusha). Ikizunguka kwa vidole, pleti zimekwisha. Torsen haipimwi hivyo, itakudanganya.

Kufunga, chagua difu nzima kuliko kubadilisha kitovu cha ndani (ile LSD yenyewe) peke yake. Kwenye ekseli hizi za Hilux unamwaga oili, unafungua mabomba ya breki na kebo za handibreki, unavuta hafushafti (vyuma vinavyozungusha tairi) nje kidogo, unatoa propela (shafti inayotoka gia boksi), kisha difu inatoka kwa mbele ikiwa nzima. Ni nzito, muwe wawili. Weka sili mpya za hafushafti siku hiyo hiyo, kwa sababu oili ikivuja inaingia kwenye breki.

Ukibadilisha kitovu cha ndani, basi kazi ni nyingine. Mchezo (nafasi ya kulegea) kati ya krauni na pinioni kwenye difu ya inchi 8 ni milimita 0.13 hadi 0.18. Huo haupimwi kwa kutikisa na mkono. Fundi asiye na geji ya mshale, na asiyepaka rangi kwenye meno aone yanagusana wapi, usimpe hiyo kazi. Difu itaanza kulia ukifika 80 na hapo krauni imeshalika.

Mdau wa Kitengela
Fundi, na oili?

Fundi wa Kariobangi
GL-5 (daraja la oili ya difu) iliyoandikwa kwamba ni ya LSD, au ile ya kawaida pamoja na dawa yake ya kupunguza msuguano. Ukiweka ya kawaida tupu, pleti zinakwaruzana na utasikia mtetemo ukikata kona ya kutoka kwenye maegesho. Baada ya kujaza, zunguka uwanjani polepole kwa umbo la nane, mara kadhaa, ili oili iingie katikati ya pleti. Torsen haihitaji hiyo dawa.

Na tairi mbili za nyuma ziwe saizi moja na zimeisha sawa. Moja ikiwa mpya na nyingine kipara, pleti zinafanya kazi hata kwenye lami iliyonyooka, safari nzima.

Mdau wa Kitengela
Asante. Mimi pikapu yangu ni ya juzi, ina diflok ya kiwandani na mfumo wa kushika breki ya tairi inayoteleza. Hela za LSD nilinunua tairi za matope, na msimu uliopita sikuvutwa na trekta hata siku moja.

Dereva wa Magadi Road
Jambo moja la usalama. Jirani yangu aliinua tairi moja ya nyuma kwa jeki, akawasha injini na kuingiza gia ili asikilize beringi. Kwenye difu ya kawaida tairi ya juu ingezunguka tu. Yake ilikuwa LSD: tairi iliyo chini ilivuta, gari likaruka jeki na kugonga geti. Hakuna aliyeumia. Ukiweka LSD, waambie wote wanaoligusa gari hilo, hata kijana wa pancha.

Mama Kuku, Ruai
Nimeshukuru sana, wote. Kesho nasoma kile kibati kwanza. Fundi, nikipata difu nzima ya pleti yenye reshio yangu, naweza kukuletea uipime kabla sijalipa?

Fundi wa Kariobangi
Ikiwa bado iko kwenye ekseli, nitakuja na toki renchi dukani. Ikiwa imeshatolewa, mwambie muuzaji akupe na hafushafti mbili: tunaifunga mezani, tunashika moja na kupima nyingine. Akikataa, ondoka.