Mliopanda muti koti (mahakama ya mazoezi ya wanafunzi wa sheria) mwaka wa kwanza, tupeane uzoefu

Kijana wa Isevya
Wakuu habari za jioni. Niko Tabora, nasoma sheria mwaka wa kwanza, wiki ijayo napanda muti koti upande wa mrufani, yaani aliyekata rufani. Kesi ni unyang'anyi wa usiku, mteja wangu kafungwa kwa shahidi mmoja aliyedai kamtambua. Nimekariri kurasa 4 kama shairi ila nikisimama tu mate yanakauka. Nyie mlifanyaje?

Mwana Mwanga
Mdogo wangu chana hizo kurasa. Mimi nilikariri hivyo hivyo, nimevaa joho la kuazima linaburuza chini, sijamaliza hata sababu ya kwanza jaji wa katikati (wanakaa 3 kama Mahakama ya Rufani yenyewe) akanikata, "Wakili msomi, taa ilikuwa ya aina gani?" Nikasema mwanga ulikuwa hafifu mheshimiwa. "Nimeuliza taa gani, koroboi au karabai?" Nikachanganyikiwa nikaropoka eti mteja wangu usiku ule alilala Ujiji kwa shangazi yake, akaniuliza kwa upole kabisa, hilo liko ukurasa wa ngapi wa kumbukumbu za rufani (maandishi ya kesi ilivyosikilizwa kule chini)? Halipo mkuu, nilitunga palepale 😂

Kinachoniuma mpaka leo, shahidi alisema tu "kulikuwa na taa", basi, hakutaja taa gani, iliwekwa wapi wala umbali. Ndo rufani yenyewe hiyo! Kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya 1980 inataka umbali na hali ya mwanga vielezwe, na mimi niliisoma usiku kucha. Jaji ananipa ushindi mkononi mimi naona ananionea.

Mama Migebuka
Mimi nilikuwa upande wa Jamhuri, yaani wanaoshtaki. Nilimsimulia mama kesi nzima pale mwaloni Kibirizi huku anapanga samaki, akanikatiza, "sasa huyo shahidi alimjua kwa sura au kwa sauti?" Nikabaki mdomo wazi, darasa zima hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Kurudi kwenye kumbukumbu nakuta walikuwa majirani wa siku nyingi, nikajenga hoja hapo. Tatizo langu lilikuwa Kiingereza, eti tangu 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili lakini sisi muti wetu wote Kiingereza, nikibanwa kinagoma kabisa. Sielewi tunafanyia nani mazoezi.

Bwana Pingamizi
Angalieni na tarehe jamani. Mwenzangu alijiandaa wiki 3, wapinzani wakaibua kwamba notisi ya rufani (taarifa kwamba unakata rufani) ilipelekwa nje ya siku 30 tangu hukumu. Akakaa chini hajagusa hoja hata moja.

Kijana wa Isevya
Duh, asanteni. Nimekimbilia kumbukumbu sasa hivi, notisi iko sawa, ila ukurasa wa 12 shahidi anasema "koroboi ilikuwa inawaka ukutani". Nimekwisha?

Mwana Mwanga
Hujakwisha bwana. Ukuta gani, na mnyang'anyi alisimama wapi? Soma ukurasa wa 13.