Mjadala: Matuta ya mchanga, twende yanakopandwa kwa magari au kwa miguu?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Wenzangu ninaopanga nao safari ya jangwani wamegawanyika. Kuna wanaotaka Liwa, kwenye ukingo wa jangwa kubwa la Rub' al Khali huko Falme za Kiarabu, au Sharqiya kule Oman, ambako dereva anapunguza upepo wa matairi halafu gari linapanda na kushuka matuta. Wengine wanataka Sossusvlei, Namibia, ambako gari halitoki barabarani na tuta unalipanda kwa miguu yako.

Mimi niko na hao wa pili, na nasema wazi: jangwa lichaguliwe kwa kuangalia kwanza namna watu wanavyoruhusiwa kupita juu ya mchanga wake. Urefu wa tuta, ambao ndio kila mtu anauulizia, uje baadaye. Moreeb ya Liwa inakaribia mita 300. Big Daddy ya Sossusvlei inapita hapo kidogo. Erg Chebbi ya Morocco ni kama mita 150, yaani nusu yake, lakini aliyekwisha kupanda tuta atakuambia kwamba mita 150 za mchanga unaokurudisha nyuma kila hatua zinatosha kabisa.

Kinachotofautisha safari hizi ni utakachokikuta juu. Ukifika kileleni kwa miguu alfajiri unaona nyayo za mende, mkwaruzo wa mjusi na alama za nyoka zilizochorwa usiku ule ule. Kwenye tuta lililopitiwa na magari huoni kitu zaidi ya mistari ya matairi, na masikioni ni injini tu. Sioni kwa nini mtu asafiri mbali hivyo kufuata kelele.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, heshima yako, ila umeonea upande mmoja. Upepo unafuta alama za matairi. Mchanga wa tuta linalohama haukai siku mbili ukiwa vile vile, kwa hiyo habari ya kwamba gari linaharibu tuta inakuzwa kuliko ukweli.

Halafu tuongelee watu. Mama mwenye magoti mabovu hapandi Big Daddy. Ni saa nzima au zaidi ya kupanda, bila kivuli. Je, yeye hana haki ya kusimama juu ya tuta? Gari linampa haki hiyo. Na huko Sharqiya wanaoendesha magari hayo wengi ni wenyeji wa hapo hapo, Wabedui wanaoujua mchanga tangu utoto. Ukisusia magari yao umesusia riziki yao.

Mleta mada

Ndugu yangu, nianze na la upepo, maana una sehemu ya ukweli na nakubali. Uso mtupu wa tuta hujirekebisha haraka. Lakini gari haliangukii kileleni kutoka angani. Linapita kwanza chini, kwenye tambarare kati ya matuta na kwenye ukingo wenye majani, na huko ndiko viumbe wengi wa jangwani wanakoishi, wakiwa wamejichimbia mchangani au chini ya vichaka. Tambarare za changarawe ndizo mbaya zaidi. Katika jangwa la Namib, ilimo Sossusvlei, kuna alama za magari zilizodumu miongo mingi, kwa sababu changarawe na kuvumwani (viotaji vidogo kama ukoga vinavyoshika mawe) vilivyopondwa havirudishwi na upepo. Kwenye pwani ya jangwa hilo hilo, kati ya miji ya Swakopmund na Walvis Bay, kuna ndege mdogo wa baharini, membe wa Damara, anayetaga mayai yake juu ya changarawe wazi. Dereva hayaoni kabisa. Ndiyo maana magari yamewekewa mipaka pale.

La mama mwenye magoti limenigusa, na halistahili jibu jepesi. Lakini tazama wanavyofanya kwenye hifadhi zinazokataza magari. Great Sand Dunes, Colorado huko Marekani, wageni huazimwa viti maalumu vya magurudumu yenye matairi mapana yanayopita mchangani. White Sands, New Mexico, huko huko Marekani, kuna njia ya mbao ambayo mwenye kiti cha magurudumu anafika nayo hadi katikati ya matuta meupe ya jasi. Sossusvlei yenyewe ina lami ya kilomita 60 kutoka Sesriem, kwenye geti la hifadhi, inayopita kati ya matuta, na kilomita 5 za mwisho kuna magari ya hifadhi yanayobeba wageni kwenye njia moja ile ile. Mama atafika Sossusvlei. Kileleni hatafika, ni kweli, na wala sidai kwamba hilo ni jambo dogo.

Mchangiaji wa pili

Naona mnajadili kana kwamba ni lazima uchague moja. Tazameni Imperial Sand Dunes, California. Lile eneo lina urefu wa zaidi ya kilomita 60, na waligombana miaka mingi mahakamani, wenye magari upande mmoja na watetezi wa mazingira upande mwingine. Ugomvi mkubwa ulihusu mmea mmoja wa jamii ya kunde uliowekwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1998. Hata hivyo eneo limegawanywa: sehemu kubwa ya kaskazini mwa barabara kuu namba 78 imefungwa kwa magari tangu 1994, na kusini wanaendesha. Kila mtu ana mahali pake. Kwa nini tusiunge mkono mpango wa aina hiyo badala ya kuwahukumu wanaopenda magari?

Mchangiaji wa tatu

Mie naongeza la usalama tu, kwa sababu mleta mada anausifia mwendo wa miguu kama hauna hatari. Mchanga wa Colorado kiangazi mchana hufika nyuzi 65. Unaunguza nyayo. Jasi ya White Sands haishiki joto hivyo, hata pekupeku unatembea, na hilo ndilo linalowadanganya watu: njia ya Alkali Flat ni kilomita 8 bila kivuli wala maji, na watu wamefia pale. Mkienda kwa miguu, ondokeni kabla ya jua na mrudi mapema.

Mleta mada

Asante kwa la joto, limefika. Kwa Sossusvlei maana yake ni kulala ndani ya geti la Sesriem, kwa kuwa wa ndani wanaruhusiwa kuanza safari kabla ya jua na wa nje wanangoja geti lifunguliwe. Na twende kati ya Mei na Septemba, joto likiwa limepungua.

Kwa mchangiaji wa pili: kugawana ni bora kuliko kuachia kila kitu, na sina neno na sheria hiyo ya California. Lakini sheria inasema wapi panaruhusiwa. Mimi nauliza pesa yetu iende wapi, na hilo tunaamua wenyewe. Kuhusu riziki ya wenyeji, Erg Chebbi wapo wanaoongoza wageni kwa ngamia na kwa miguu, na wanalipwa. Wakikosa wageni wa namna hiyo watahamia kwenye pikipiki za magurudumu manne, kama wenzao wengi walivyokwisha kuhama.

Msimamo wangu haujabadilika: Sossusvlei kwanza, na kama Namibia itashindikana, Erg Chebbi kwa ngamia, bila kukodi pikipiki. Anayetetea Liwa au Sharqiya anionyeshe huko safari ambayo gari linabaki kwenye njia moja na wageni wanashuka kupanda wenyewe. Akinionyesha, nitakuwa tayari kupiga kura upya na wenzangu.