Tupeane uzoefu: wewe uliandikwaje kwenye takwimu za serikali?

Naanza mimi. Karani wa sensa alipofika nilikuwa uani kwenye cherehani, akamhoji mume wangu mlangoni. "Mkeo anafanya kazi gani?" Akajibu, "Yupo tu nyumbani." Nguo iliyokuwa mikononi mwangu ilikuwa ya mteja, na ada ya watoto muhula ule ilitoka kwenye cherehani ileile. Mume wangu hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Nanyi mtueleze yenu.

Karani wa zamani: Dada, nakiri nimewaandika wengi hivyo. Kanuni ya takwimu za ajira iko wazi: aliyefanya shughuli ya kipato hata saa 1 ndani ya wiki anahesabiwa kuwa kwenye ajira, na anayesaidia biashara ya familia bila malipo naye yumo. Ila ukimuuliza mwanamke "Una kazi?" atasema hana, kwa sababu kwake kazi ni ya mshahara. Muulize "Wiki hii uliuza chochote? Ulikaa dukani?" na jibu linageuka kabisa. Tulikuwa na haraka, hatukuuliza.

Mama Pacha: Kwangu mama mkwe ndiye aliyejibu. Mkuu wa kaya? Akamtaja mwanawe, aliyeondoka miaka sita iliyopita. Nyumba ninayoilisha peke yangu inasomeka ni ya mwanamume.

Msoma Historia: Si jambo la leo. Sensa ya Uingereza na Wales ya 1881 iliwaweka wake waliofanya kazi za nyumbani kwenye kundi la wasio na shughuli. Na hadi sasa, kwenye hesabu za pato la taifa, kuchota maji ya matumizi ya nyumbani ni uzalishaji, kuyapikia si uzalishaji. Maji yaleyale, mikono ileile!

Muuguzaji: Wanatakwimu wa kazi walipokutana Geneva mwaka 2013 walikubaliana kwamba kuhudumia familia bila malipo nako ni kazi, ingawa haiitwi ajira. Mimi nilipata kujaza shajara ya matumizi ya muda, siku nzima, kipindi kwa kipindi. Saa 8 usiku niliandika: kumgeuza mama kitandani. Saa 10: kumgeuza tena. Miaka minne nimefanya hivyo kila usiku, na ile ndiyo mara ya kwanza kuiona imeandikwa mahali.