Naomba ushauri: sauti ya imamu inakauka katikati ya Tarawehe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Swali hili ni kwa mahafidh (waliohifadhi Qurani) na maimamu waliozoea kukhitimisha Qurani msikitini. Sisi tuko Eastleigh, Nairobi; Tarawehe, yaani swala ya usiku ya Ramadhani, ni rakaa 20, juzuu moja (moja ya sehemu 30 za Qurani) kila usiku. Msahafu wa Madina una kurasa 604, kwa hiyo rakaa moja ni kama ukurasa mmoja. Juzuu ya thelathini tunaigawa kwenye siku za kabla yake, maana mwezi unaweza kuandama siku ya 29.

Shida ni koo. Kuanzia rakaa ya 12 hivi sauti ya imamu inakwaruza, naye anajikaza ili safu za nyuma zisikie. Hapo madd (kuvuta sauti) hukatwa fupi na ghunna (sauti ya puani) hupotea, na hilo kwangu ni zito kuliko uchovu wa maamuma (wanaoswali nyuma yake). Eko (mwangwi) kwenye mashine ya vipaza sauti tumeshaipunguza. Ikizidi, mwisho wa aya hupanda juu ya mwanzo wa inayofuata.

Je, maimamu wawili wagawane rakaa kumi kumi, au wapokezane usiku kwa usiku? Futari nayo: sambusa, bajia na kahawa nyeusi nashuku zinamletea kiungulia, na asidi ikipanda huchoma koo. Ale nini kabla ya Isha, na kiasi gani? Maji ya uvuguvugu kila baada ya rakaa nne yanatosha?

Na wenye maikrofoni ya kubana kifuani, mnaibana wapi isisugue kanzu wakati wa kurukuu?

Jazakumullahu kheri.